Injini Tatu na Breki Moja

Huku Sib kila Ijumaa baada ya alasiri tuna baraza yetu, si mbali na soko la zamani, upepo wa bahari ukitupiga. Kahawa haikosekani, tende na halwa vipo, na mazungumzo ni ya Kiswahili, kwani wengi wetu tulizaliwa Unguja na tukaletwa Oman na wazee wetu katika miaka ya 1970, tungali watoto. Wengine hapo huzungumza siasa, wengine mpira. Sie watatu, wahandisi sote, mvi zimeshatujaa, tunajulikana kwa ugomvi mmoja usiokwisha: katika magari ya Kimarekani ya zamani yenye injini kubwa, lipi lilikuwa bora kwa mbio za robo maili?

Hivi karibuni alitujia mtoto wa mmoja wetu, kijana wa miaka ishirini. Kapata bodi ya Chevelle ya zamani huko Sharjah, haina injini, na anataka kuifufua. "Ami," akatuuliza, "nyie mmeyaona mashindano yenyewe kwa macho. Nitie injini gani?" Tukacheka, kila mmoja akafungua mdomo kujibu, halafu tukanyamaza. Swali lake lina majibu mawili, na la pili hatujapata kumwambia mtu. Tumeona tuyaandike yote mawili hapa.

Jibu la kwanza lilianzia Michigan. Tulipelekwa kusoma uhandisi huko mwishoni mwa miaka ya 1980, na Jumamosi za kiangazi tulikuwa tukienda kwenye uwanja wa mbio wa Milan. Si Milan ya Italia, bali mji mdogo kusini-magharibi ya Detroit. Kwa asiyejua, mbio hizi ni fupi mno: magari mawili yamesimama sambamba, taa zinashuka moja moja mpaka ya kijani, na mshindi ni anayefika mwanzo mwisho wa robo maili, yaani mita 402. Hakuna kona. Kila kitu kinakwisha kabla hujahesabu kumi na tano. Hapo ndipo kila mmoja wetu alipopata mchumba wake.

Wa kwanza alipenda Hemi ya Chrysler, inchi za ujazo 426, yaani karibu lita saba. Wamarekani waliipa jina la Tembo. Ilianza kwenye mashindano ya Daytona mwaka 1964, Richard Petty akashinda nayo, na kutoka 1966 mpaka 1971 iliuzwa katika magari ya kawaida ya Dodge na Plymouth. Siri yake ni chumba cha moto chenye umbo la nusu tufe. Vali zimekaa zikitazamana, plagi iko katikati, na vali hizo ni pana, basi injini inavuta pumzi kwa wingi hasa inapozunguka kasi. Kiwandani waliandika nguvu za farasi 425. Aibu zake ni mbili. Silinda hedi zake ni kubwa na nzito, uzito wote unalala mbele wakati tairi zinazosukuma ziko nyuma. Na ina kabureta mbili ambazo zisipolinganishwa vizuri hugombana kama wake wenza.

Wa pili alipenda Chevrolet, inchi 454, ile iliyoitwa LS6, iliyotiwa katika Chevelle ya mwaka 1970. Hii jina lake la utani lilikuwa Nungunungu, kwa sababu vali zake zimeinama huku na huku kama miba ya mnyama huyo. Iliandikiwa farasi 450. Msukumo wake ulikuwa mita-niutoni 678, na unaupata mapema, injini ikizunguka mara 3,600 tu kwa dakika. Kabureta ni moja. Spea zake zimejaa, na fundi yeyote aliyewahi kufungua injini ya lori la Chevrolet hapotei ndani yake.

Wa tatu alipenda Ford, inchi 428, iliyoitwa Cobra Jet. Swila, basi. Ilitiwa katika Mustang mwaka 1968, na kwenye karatasi ilikuwa na farasi 335 tu. Mwaka huohuo Al Joniec akaenda nayo Pomona, California, kwenye mashindano makubwa ya majira ya baridi, akashinda daraja lake.

Hapo msomaji atauliza: vipi farasi 335 washindane na farasi 425? Jibu ni kwamba karatasi ilisema uongo. Injini ile ilikuwa na nguvu nyingi zaidi ya zilizoandikwa. Kuandika kidogo kulisaidia kwa watu wa bima, na kulisaidia pia kwenye mashindano, ambako magari hupangwa kwa kulinganisha uzito na nguvu. Kwa upande mwingine, nambari zote za enzi ile zilipimwa injini ikiwa mezani, bila ya mizigo inayobeba ndani ya gari. Mwaka 1972 viwanda vilipobadili kipimo na kupima injini ikiwa na vifaa vyake vyote, farasi wengi walitoroka zizini kwa siku moja.

Ukiyachukua magari yote matatu yakiwa kama yalivyotoka kiwandani, majaribio ya magazeti ya wakati ule yaliyaweka karibu karibu, sekunde 13 na kitu. Aliyeshinda mara nyingi ni yule aliyejua kuondoka. Mita 18 za mwanzo ndizo zinazoamua. Tairi za enzi ile zilikuwa nyembamba, na ukikanyaga mafuta ovyo zinazunguka mahali pamoja, unatoa moshi tu na mwenzio kashakwenda. Kwa hiyo tukipima nguvu, Tembo ana pumzi ndefu mwisho wa njia. Tukipima urahisi wa kuishi nayo, Nungunungu. Tukipima fedha iliyotoka mfukoni, Swila.

Na hapa Oman kuna jambo la nne, nalo ni joto. Hewa ya nyuzi 45 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 15 kwa karibu sehemu moja ya kumi, na injini inakula hewa. Gari lililokuwa na farasi 450 mchana wa baridi Michigan, hapa Sib mwezi wa Juni limeshapoteza arubaini na ushei kabla halijaondoka. Petroli nayo inachemka ndani ya mabomba. Kwa hali hiyo injini yenye kabureta moja na msukumo wa mapema ndiyo inayofaa zaidi. Tunamwambia kijana wetu wazi: tia 454. Hata mwenzetu wa Hemi kakubali, ingawa kwa shingo upande.

Hilo ndilo jibu la kwanza. La pili ni hili.

Tuliporudi nyumbani tulikuwa vijana wenye shahada na mishahara. Mwaka 1996 tulipata Chevrolet kuukuu, gari jepesi lililotoka kiwandani na injini ndogo, na injini ya 454 iliyotolewa katika lori. Tuliifunga wenyewe. Tulipiga hesabu za kila kitu: uwiano wa gia, nguvu ya shafti, upana wa tairi, hata uzito wa kiti cha nyuma tulichokitoa. Breki tuliziacha zilezile za ngoma, zilizoundwa kwa ajili ya injini ndogo. Tulisema tutazishughulikia mwezi ujao.

Usiku wa kuamkia Alhamisi, ambayo wakati ule ilikuwa mapumziko, tuliipeleka upande wa Mawalih, kwenye barabara mpya ya lami isiyokuwa na taa wala nyumba. Tukapima mita 402 kwa kamba na kuchora mstari kwa chokaa. Baada ya mstari ule lami iliendelea kama mita mia, kisha ikakatika kwenye changarawe na mawe. Mwendeshaji alikuwa mwenzetu wa Hemi. Pembeni yake alikaa mdogo wake mwenzetu wa Ford, kijana wa miaka kumi na tisa, aliyetuomba sana apande, nasi tukamruhusu. Sie wawili tulisimama kwenye mstari na saa ya kuhesabia sekunde.

Hesabu ambayo hatukuipiga ni nyepesi, ya mwanafunzi wa sekondari. Nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Gari linalokwenda kilomita 160 kwa saa lina nguvu hiyo mara mbili na nusu kuliko linalokwenda 100, na yote hiyo lazima igeuke joto ndani ya breki. Hata breki nzima na tairi nzuri zinataka karibu mita 150 kulisimamisha. Sie tuliacha mia. Na breki za ngoma zikipata moto, ngoma inatanuka na kuvikimbia viatu vyake, unakanyaga na hupati kitu.

Kijana alifariki usiku uleule. Mwendeshaji alivunjika nyonga na anatembea na bakora mpaka leo. Saa ilisomeka sekunde 13.8, na tulifurahi kwa muda wa kama sekunde mbili.

Mama yake marehemu aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila sikukuu tulikwenda kumwamkia, akitupikia, na hakuuliza hata siku moja nani aliyesema twende. Tungemjibu nini? Tulisema sote.

Kwa hiyo, mwanangu, jibu letu limebadilika kidogo. Anza na breki: diski mbele, za saizi inayolingana na 454, na mabomba mapya. Chevelle za SS 454 zilitoka kiwandani na diski mbele, nao waliozitengeneza walikuwa na sababu. Kisha difu na tairi. Injini iwe ya mwisho. Ikikamilika, hapahapa Sib Chama cha Magari cha Oman kina uwanja wake, na Bahrain ina njia ya mbio hizi kwenye uwanja uliofunguliwa mwaka 2004. Huko gari linakaguliwa kwanza, na baada ya mstari wa kumalizia imeachwa lami ndefu ya kusimamia.

Ijumaa iliyopita kijana alikuja barazani na karatasi. Kaandika bei za diski, pampu ya breki na mabomba. Injini hakuitaja. Mwenzetu wa bakora akaichukua ile karatasi, akavaa miwani, akaanza kuisoma mstari kwa mstari.