Hicho Chuo Kiko Wapi?

Wiki iliyopita binti wa dada yangu alinipigia simu usiku, saa nne kasoro. Akaanza na shikamoo, akauliza habari za watoto, akauliza habari za kazi, akauliza kama huku mvua zimeanza. Nikajua kuna jambo.

"Mamdogo, nimechaguliwa vyuo viwili."

"Hongera mwanangu. Sasa mbona sauti iko chini?"

Kimoja ni kikubwa, cha serikali, jina lake hata mama ntilie wa stendi analijua. Kingine ni cha binafsi, kidogo, kiko mkoani, mali ya kanisa. Kote atasoma kilekile: Kiswahili na fasihi, pamoja na ualimu. Kwa utaratibu wa siku hizi, aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatumiwa namba maalumu kwenye simu, anaingia kwenye mfumo, anathibitisha anakokwenda. Akithibitisha kimoja, kingine ndiyo basi. Na dirisha linafungwa Ijumaa.

"Baba anasema nisithubutu kwenda hicho kidogo," akaniambia. "Kila nikikitaja anauliza, hicho chuo kiko wapi?"

Nilicheka. Swali hilo nalijua kuliko ninavyojua namba yangu ya usajili. Nikamwambia anipe siku mbili nimwandikie vizuri. Nilichomwandikia ndicho hiki, nimepunguza mambo ya nyumbani tu.

Kwanza niseme ukweli ambao watu wengi waliosoma vyuo vidogo huwa tunauficha. Mimi sikukichagua chuo changu. Mwaka 2009 nilimaliza kidato cha sita, HKL, nikapata divisheni ya pili ambayo shuleni kwetu ilipigiwa makofi. Enzi zile hakukuwa na mfumo wa pamoja. Unajaza fomu ya kila chuo, unatuma, unasubiri. Baba yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alikuwa na chuo kimoja tu kichwani: Mlimani. Majina yalipotoka gazetini alilinunua, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye safu zote, halafu akarudia tena kuanzia juu. Jina langu halikuwepo. Akalikunja gazeti akaliweka chini ya godoro. Sijui alilihifadhia nini.

Wiki tatu baadaye ikaja barua kutoka chuo ambacho hata mimi nilikuwa nimekisahau. Nilijaza fomu yake kwa sababu rafiki yangu alikuwa na nakala mbili.

"Hiki kiko wapi?" baba akauliza.

Nyanda za Juu Kusini, nikamjibu, na sisi tuko Singida. Kwake ilikuwa kama nimesema Ulaya ya bei rahisi.

Simlaumu. Kizazi chake kilikua kikijua kwamba chuo kikuu ni kitu cha serikali. Ni mpaka sheria ya elimu iliporekebishwa mwaka 1995 ndipo watu binafsi na taasisi za dini waliporuhusiwa kuanzisha vyuo vikuu nchini. Kwa hiyo mimi nilipopata barua ile, vyuo hivi vilikuwa na umri wa mtoto wa shule. Kwa baba, chuo cha binafsi kilifanana na ile sekondari ya mjini kwetu iliyopokea waliofeli mradi wana ada. Na ada ilikuwepo kweli: ilipita milioni moja kwa mwaka. Bodi ya Mikopo ilinipa asilimia 60, iliyobaki ikawa mzigo wake. Mwaka wa kwanza waliondoka ng'ombe wawili. Majirani walipomuuliza binti yuko wapi, alijibu, "Yuko chuo." Hakusema chuo gani. Mama ndiye aliyeniambia hilo, na aliniambia kwa kunong'ona.

Nilifika chuoni na sweta moja. Baridi ya kule haikuwa mchezo. Majengo manne, kanisa, bwalo, na maktaba ambayo ukisimama mlangoni unaiona yote. Wiki ya kwanza nililia. Nilikuwa napokea meseji za shoga yangu aliyeingia chuo kimoja kikubwa cha serikali, anasimulia mabweni yenye lifti, maandamano, na wasanii wanaokuja kutumbuiza wikiendi. Sisi saa tatu usiku ulikuwa unasikia mbwa wa kijiji cha pili.

Kilichonibadilisha ni insha moja.

Darasa la fasihi tulikuwa 23. Naomba uikumbuke namba hiyo. Mwalimu wetu, mzee mmoja mfupi aliyependa kuvaa kofia ya sufu hata ndani, alitupa kazi juu ya *Rosa Mistika*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1971. Swali lilikuwa la kawaida: nani alaumiwe kwa yaliyompata Rosa? Kila aliyesoma riwaya hiyo analo jibu la mtihani: malezi makali ya baba yake, Zakaria. Nikaliandika hilo jibu kurasa tano, kwa maneno niliyoyakariri kwenye miongozo ya sekondari. Nilikuwa nimezoea kupata alama nzuri kwa maneno yaleyale.

Insha ilirudi imejaa wino mwekundu. Hakuwa ameweka alama. Chini aliandika: "Haya nimeyasoma kwa watu wengine. Wewe umeona nini? Njoo ofisini."

Ofisi yake ilikuwa chumba alichogawana na mwalimu wa historia. Akaniuliza kama namjua baba mkali. Nikanyamaza. Akaniuliza tena, safari hii kwa upole, kama huyo baba ninayemjua mimi ni mkali kwa sababu ni mbaya, au kuna kitu anakiogopa. Nikatoka mle ofisini nikiwa nimekasirika. Nikakaa kitandani nikaandika insha upya, usiku mmoja. Sikumtetea Zakaria. Ila niliandika kuhusu woga wa mwanaume aliyeambiwa kwamba heshima yake yote iko mikononi mwa binti, na jinsi woga huo unavyozaa kilekile unachokiogopa. Nilipoandika habari za Ukerewe nilikuwa naona uwanja wa nyumba yetu.

Insha ya pili ilirudi na karatasi mbili za maoni, zimebanwa kwa pini. Karatasi mbili! Alinibishia karibu kila aya. Hoja ya pili aliikataa kabisa. Ya nne akaniambia niipeleke mbali zaidi.

Likizo nilikwenda nayo nyumbani. Sikukusudia baba aione, aliikuta mezani. Nilirudi kutoka kisimani nikamkuta kakaa kivulini, kavaa miwani, anasoma. Moyo ukanilipuka, maana mle ndani yeye mwenyewe alikuwemo, na asingeshindwa kujitambua. Nikasubiri fimbo ya maneno. Alisoma yangu yote, halafu akasoma zile karatasi mbili za mwalimu, pole pole, kidole kikipita chini ya mstari kama alivyofanya kwenye lile gazeti.

Mwisho akauliza, "Darasani kwenu mko wangapi?"

"Ishirini na watatu."

Akatikisa kichwa. Akaniambia kwamba mwaka wake wa mwisho kazini alikuwa na watoto 94 kwenye darasa moja. Madaftari alikuwa anapiga tiki tu, tiki, tiki, mpaka mkono unauma. "Kuna watoto nimewafundisha miaka mitatu," akasema, "sijawahi kuwasoma hata siku moja." Akanirudishia karatasi zangu. "Huyu mwalimu amekusoma."

Habari ya Zakaria hakuigusa. Lakini kuanzia likizo ile, jirani akiuliza binti yuko wapi, baba alikitaja chuo kwa jina, na mkoa wake.

Mwaka wa pili ilipatikana nafasi ya kuomba uhamisho kwenda chuo cha serikali. Ada ingepungua. Nilijaza fomu, nikaiweka kwenye begi, nikakaa nayo mwezi mzima, nikaichana. Hapo ndipo nilipokichagua chuo changu. Shoga yangu kule alikuwa ananisimulia mihadhara ya watu mia sita, ukichelewa unasikilizia dirishani, na kazi za vikundi ambazo jina lako linaandikwa na wewe hata swali hulijui. Alifaulu vizuri kuliko mimi, sipingi. Ila miaka mitatu hakuna mwalimu aliyejua jina lake. Mimi nisipotokea kipindi cha saa mbili, saa nne mwalimu alikuwa anamtuma mtu bwenini kuuliza kama naumwa. Wakati ule iliudhi. Huwezi kujificha katika watu 23. Kama hujasoma kitabu, itajulikana kabla ya saa sita mchana.

Lakini mwanangu, nikikuambia hayo tu nitakuwa nimekudanganya.

Ile maktaba ya kuonekana yote kutoka mlangoni ilikuwa na nakala moja ya vitabu vingi tulivyohitaji. Tulikuwa tunagawana usiku kwa zamu, au tunapeleka steshenari kutoa kopi mpaka kitabu kinafunguka mgongo. Leo Mlimani wana maktaba iliyozinduliwa mwaka 2018, yenye nafasi ya vitabu 800,000. Hicho ni kitu kikubwa kwa mtu wa fasihi, usikidharau. Pili, chuo kidogo kinaishi kwa ada. Wanafunzi wakipungua, kozi zinafutwa. Mimi nilitaka kusoma fasihi linganishi, nikaambiwa tumejiandikisha wanne, haifundishwi. Tatu, mishahara. Mwalimu wangu wa kofia ya sufu alikaa miezi bila kulipwa, na nilipoingia mwaka wa tatu akahamia chuo cha serikali. Alikuja kutuaga darasani, akashindwa kumaliza sentensi. Tasnifu yangu ilisimamiwa na mtu aliyekuwa anakuja kwa basi mara mbili kwa mwezi. Kwa hiyo sababu yangu ya kubaki iliniacha pale pale nilipobaki.

Na viko vyuo vilivyozama kabisa. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo kadhaa kupokea wanafunzi wapya kwa sababu ya ubora. Ukubwa si ubora, ni kweli, lakini na udogo nao si ubora.

Halafu kuna ule usaili wangu wa kwanza wa kazi. Watu watatu mezani. Wa katikati akafungua cheti, akakiinua kidogo kama anatafuta alama ya maji, akauliza: "Hicho chuo kiko wapi?" Nikamweleza. Akasema "Aaa." Sikuitwa tena. Siwezi kuthibitisha kwamba ni kwa sababu hiyo, ila ile "Aaa" naikumbuka. Kazi niliyonayo leo, ya kuhariri miswada, niliipata kwa sababu walinipa kurasa kumi nizisahihishe pale pale. Aliyenifundisha kusoma kurasa za mtu namna ile ni yule mzee.

Mwambie shemeji yangu jambo moja, kwa heshima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kina wanafunzi 14, wote wa sheria. Hakikuwa na jengo lake. Kiliazima la TANU, pale Lumumba. Mlimani kwenyewe walihamia 1964. Siku ile ya kwanza, mzazi aliyempeleka mtoto wake kusoma kwenye ofisi za chama angeweza kabisa kuuliza, hicho chuo kiko wapi? Simaanishi kila chuo kidogo kitakuwa Mlimani. Namaanisha wale 14 walijulikana kwa majina.

Kwa hiyo usinifuate mimi. Kabla ya Ijumaa pigia simu vyuo vyote viwili, uliza maswali haya. Darasa la mwaka wa kwanza lina watu wangapi? Walimu wa fasihi walioajiriwa moja kwa moja ni wangapi, na wangapi wanakuja na kuondoka? Kozi yenyewe imetambuliwa na TCU? Nikiandika insha, nani ataisoma, mwalimu au msaidizi? Anayejibu kwa jina la chuo tu hajakujibu.

Nilimtumia yote haya Jumanne. Jumatano jioni akapiga.

"Mamdogo, kile kikubwa simu imeita mpaka ikakata, mara nne. Kile kidogo amepokea mkuu wa idara mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Nimemuuliza maswali yako yote. Walimu wa kudumu wa fasihi wapo wawili tu, hakunificha. Halafu na yeye akaniuliza riwaya ya mwisho niliyosoma ni ipi, na nini hakikunifurahisha." Akanyamaza kidogo. "Tumeongea nusu saa. Mpaka salio lake limeisha, maana alinipigia yeye. Divisheni hakuniuliza."

Sikumwambia kitu. Leo ni Ijumaa, dirisha linafungwa saa sita usiku, na sijamuuliza amethibitisha wapi. Baba yake, nasikia, bado anauliza kile chuo kiko wapi. Nimemwambia binti, safari hii amtajie na mkoa.