Jedwali la Njia

Barua itokayo Kisumu kwenda Lamu hupita mikononi mwa watu wengi, wala hapana hata mmoja wao alazimikaye kuijua njia yote. Karani wa Kisumu hujua gunia la Nairobi. Wa Nairobi hujua gunia la Mombasa. Na wa Mombasa hujua gari la Lamu. Habari zipitazo katika intaneti husafiri kwa desturi iyo hiyo. Hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti huandikwa anwani ya mwisho wa safari yake. Njiani hupokewa na mashine ziitwazo ruta. Ruta huisoma anwani, hutazama katika jedwali lake la njia, huikabidhi pakiti kwa jirani mmoja, na kazi yake huwa imekwisha.

Jedwali hilo ndilo nitakalo kulieleza. Kulitazama ni sehemu ya riziki yangu, na sijapata kulichoka.

Ruta ya nyumbani ina mistari michache tu: huwajua waliomo ndani, na mengine yote huyatupa kwa kampuni ya mtandao. Walakini ruta kubwa za kampuni hizo hazina wa kumtupia mzigo. Hazina budi kuwa na jibu kwa kila anwani iliyo wazi duniani, na kwa hiyo jedwali lake siku hizi lina mistari zaidi ya 900,000, kwa anwani za mfumo wa zamani peke yake. Hapana mwandishi awezaye kuiandika mistari hiyo kwa mkono, wala hakuna ofisi iigawayo. Yote imetokana na maneno ya majirani.

Kila mtandao mkubwa una nambari yake. Ruta yake humwambia jirani, “Anwani hizi ni zangu,” na jirani humwambia jirani yake, “Anwani hizi nazifikia kwa kupitia kwa fulani,” mpaka habari ikazunguka dunia nzima kwa muda wa dakika chache. Mapatano ya mazungumzo haya huitwa BGP. Wahandisi wawili, Kirk Lougheed na Yakov Rekhter, waliyachora mwaka 1989 juu ya karatasi za kupangusia mikono, wakati wa chakula, walipokuwa mkutanoni katika mji wa Austin, Marekani. Mtandao wa siku zile ulikuwa mdogo, na wenye kuutunza walijuana. Kuaminiana hakukuwa upumbavu, kulikuwa adabu.

Mtu akiiamuru ruta imwonyeshe mstari mmoja, huona kundi la anwani, jirani wa kukabidhiwa, na safu ya nambari za mitandao. Safu hiyo husomwa kutoka kulia: nambari ya mwisho ni ya ajidaiye kuwa mwenye anwani, na ya kwanza ni ya jirani yetu aliyetuletea habari. Yaani kila mstari huja na nasaba yake, kama mapokezi ya wanazuoni yatajavyo nani alisikia kwa nani. Mtandao ukiiona nambari yake mwenyewe katika safu, huikataa njia hiyo, kwa kuwa pakiti ingezunguka bila kufika.

Nasaba hizo huweza kueleza mambo makubwa ya nchi. Kabla ya mwisho wa mwaka 2000, ujumbe wa kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa kampuni nyingine ya mji huo huo ulipandishwa kwenye setilaiti, yapata kilomita 36,000 juu angani, ukashushwa ng'ambo, kisha ukarudishwa kwa safari nyingine kama hiyo. Watu wa mtaa mmoja walisemezana kupitia ughaibuni, nao walilipia kila safari kwa fedha za kigeni! Kampuni za mtandao zikajenga mahali pa kukutania Nairobi, paitwapo KIXP. Baada ya muda mfupi pakafungwa, kwa malalamiko kwamba pamevunja haki ya aliyekuwa na ukiritimba wa njia za nje. Pakafunguliwa tena Februari 2002. Tangu hapo wawili wakutanao hapo huandikwa jirani kwa jirani, bila mgeni kati yao. Hata leo, mtazamaji akikuta njia ya Nairobi kwenda Nairobi inapita Ulaya, ajue kwamba mahali fulani watu wawili hawajapatana.

Lakini nasaba hutaja wasemaji tu; haithibitishi kwamba msemaji wa kwanza alisema kweli. Jambo hili lilidhihirika tarehe 24 Februari 2008. Serikali ya Pakistan ilikuwa imeamuru YouTube ifungwe nchini humo. Kampuni ya simu ya huko ikatangaza ndani ya ruta zake njia ya uongo, ili pakiti za YouTube zipotelee humo. Saa 3:47 usiku, kwa saa za Kenya, tangazo hilo likavuka mpaka. Jirani wa ng'ambo, PCCW ya Hong Kong, akalipokea na kulieneza bila kuuliza. YouTube ilikuwa imetangaza kundi la anwani 1,024. Pakistan ilitangaza anwani 256 zilizomo ndani ya kundi hilo. Na sheria ya ruta ni kwamba kundi dogo hulishinda kubwa, kwa sababu lililo mahususi zaidi hudhaniwa kuwa na ujuzi zaidi. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Hapa haikuhitaji hata kuwa fupi, ilitosha kuwa nyembamba. Watazamaji wa YouTube katika sehemu nyingi za dunia wakapelekwa Pakistan, wakaishia gizani. YouTube ikajibu kwa kutangaza anwani zile zile 256, kisha nusu zake za 128, na PCCW ikaukata uongo huo saa 6:01 usiku. Zaidi ya saa mbili zilipita, na mashine zote zilikuwa nzima, zikifanya kazi yake sawasawa.

Ndiyo sababu haitoshi kutazama kama taa za ruta zinawaka. Mlinzi wa jedwali huweka hesabu ya jana ili ailinganishe na ya leo. Jirani aliyezoea kuleta mistari ishirini akileta maelfu ghafula, ni afadhali ruta ivunje naye mazungumzo kuliko kumsadiki. Njia itokeayo na kutoweka kila dakika, kama mlango upigwao na upepo, huonyesha waya mbovu mahali fulani. Hata wingi wenyewe ni hatari: tarehe 12 Agosti 2014 jedwali la dunia lilivuka kiasi cha mistari 512,000, na ruta za zamani zilizokuwa zimetengewa nafasi ya kiasi hicho zikalemewa.

Tangu mwaka 2011 mwenye anwani aweza kuzitilia hati yenye saini, ambayo katika Afrika hupatikana kwa AFRINIC, na ruta yaweza kukataa tangazo lisilopatana na hati. Hili nalisifu, ila lina mpaka wake: saini humthibitisha msemaji wa kwanza peke yake. Waliopokezana baadaye hubaki kuchunguzwa kwa macho.

Na macho hayo si lazima yawe ya mhandisi. Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, kina kazi iitwayo Route Views, ambayo hukusanya majedwali kutoka mahali pengi, na moja ya mashine zake husikiliza pale pale KIXP. Majedwali hayo ni wazi kwa kila mtu. Mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye kompyuta na subira aweza kuutafuta mstari wa mtandao anaoutumia yeye mwenyewe, akaanza kuusoma kutoka kulia.