Ringi kuukuu, makopo na mchezo usiohitaji refa

Hebu nikuulize, msomaji mpendwa: mwanao akitoka shule Ijumaa jioni, huchezea wapi? Kama unaishi katika nyumba za orofa kule Eastleigh, Umoja au Kisauni, yamkini utanijibu kwamba huchezea kwenye ngazi, ama hachezi kabisa, ameinamia simu. Sisi tunaoishi Garissa tuna nafasi tele. Ukitoka nje ya mtaa ni mchanga na vichaka hadi upeo wa macho. Lakini taabu yetu ni nyingine: nafasi ipo, wa kuwachezesha watoto ndiye haba.

Sitazunguka mbuyu. Huenda jina la mji wetu unalikumbuka kwa sababu ya msiba. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Novemba 2014, walimu walikuwa miongoni mwa abiria 28 waliouawa katika basi lililokuwa limetoka Mandera. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hii yetu ya Garissa. Baada ya misiba kama hiyo, walimu wengi waliokuwa wametoka sehemu nyingine za nchi waliondoka, na mimi sina haki ya kuwalaumu. Roho ni roho. Lakini wewe mzazi wajua yanayofuata. Shule iliyobakiwa na walimu wachache hushikilia hesabu na lugha kwanza. Kipindi cha michezo ndicho hufa mapema, na hakuna anayekililia.

Ndiyo maana nilianza kutafuta mchezo ambao watoto wanaweza kuucheza wenyewe, bila kocha, bila refa na bila uwanja wa nyasi. Nilioupata ni gofu ya visahani. Usicheke! Si gofu ile ya matajiri wenye kubebewa mifuko ya virungu. Hapa mchezaji hurusha kisahani cha plastiki kutoka alama fulani akielekea shabaha. Kikianguka kabla ya kufika, anakwenda pale kilipoangukia na kurusha tena. Idadi ya marusho huhesabiwa hadi kisahani kiingie katika shabaha. Kisha wachezaji huelekea shabaha ya pili, ya tatu, na kuendelea hadi ya 9, au 18 kama nafasi ni kubwa. Mwenye marusho machache ndiye mshindi.

Watu wengi wakiusikia mchezo huu hudhani ni wa vifaa vya duka la Ulaya. Ni kweli kwamba shabaha za kiwandani, zile zenye kikapu cha chuma na minyororo, huuzwa kwa mamia ya dola kila moja. Lakini hebu tazama asili yake. Kule Connecticut, Marekani, kulikuwa na kampuni ya kuoka mikate ya matunda iliyoitwa Frisbie, na wanafunzi walizoea kurushiana sahani zake za bati zikishaliwa mikate. California nako, miaka ya 1930, kijana aliyeitwa Walter Frederick Morrison alikuwa akirusha sahani ya kuokea keki ufukoni, mtu mmoja akajitolea kuinunua kwa senti 25 ilhali dukani ilikuwa senti 5. Morrison akaona biashara. Mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ilianza kuuza kisahani chake cha plastiki duniani. Kwa hivyo mchezo huu ulizaliwa jikoni, katika vyombo vilivyokwisha kazi. Anayeutengeneza kwa makopo haubezi. Anaurudisha nyumbani kwao.

Sasa tuje kwenye shabaha, maana hapo ndipo penye siri. Watoto wa mtaa wetu walianza kwa kulenga shina la mwarobaini. Kisahani kikigusa shina, umefika. Siku mbili hazikupita kabla ya kelele kuanza.

"Imegusa, abti!" mmoja aliniita, kwa maana abti kwetu ni mjomba.

"Wallahi haijagusa! Imepita tu!" mwingine akaruka.

Nani ataamua? Mimi nilikuwa mbali, na kila mtoto ana shahidi wake, naye ni ndugu yake. Huenda wewe ukaona ni mambo ya watoto. Hapa kwetu ugomvi wa watoto hupanda hadi kwa mama zao, na ukishafika kwa mama zao, wazee nao huitwa. Mchezo usio na mwamuzi unaweza kuwa chanzo cha maneno.

La ajabu ni kwamba ugomvi huo huo uliwahi kutokea California. Ed Headrick, aliyekuwa akifanya kazi Wham-O, alianzisha uwanja wa kwanza wa kudumu wa gofu ya visahani mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove. Shabaha zake zilikuwa nguzo tupu. Wachezaji wakawa wanabishana kila mara kama kisahani kimegusa nguzo au la. Headrick alichoshwa na mabishano, akabuni kikapu chenye minyororo inayoning'inia juu yake, akapata hataza yake mwaka 1977. Kisahani kikigonga minyororo, kila mtu husikia. Kikitulia kikapuni, kila mtu huona. Ubishi umekwisha.

Basi hilo ndilo ninalotaka ulishike, msomaji, hata kama utayasahau mengine: shabaha nzuri ni ile inayoweza kutoa ushahidi yenyewe. Sura haijalishi. Wafugaji wa hapa wamelijua jambo hili tangu zamani. Humfunga ngamia njuga ya mbao shingoni ili hata akipotea vichakani, sauti iseme alipo. Nasi shabaha yetu tuifunge njuga.

Vifaa vyenyewe ni hivi. Tafuta mti mmoja ulionyooka, unene wa kifundo cha mkono, urefu wa mita 2. Sisi tunakata mathenge, mti ulioletwa Kenya zamani kuzuia jangwa, na sasa umejaa kila mahali na kuziba njia. Kukata mathenge ni kumsaidia jirani. Lakini jihadhari na miiba yake. Hupenya ndara, na ikikuchoma mguu huvimba. Kazi ya kukata na kuparura ifanywe na mtu mzima.

Pili, nenda kwa fundi wa baiskeli umwombe ringi mbili zilizopinda. Ringi ya baiskeli kubwa ina upana wa karibu sentimita 60, kipimo kinachokaribiana sana na kile cha vikapu vya kiwandani. Ondoa spoku zote. Ringi ya pikipiki usiichukue. Ni nzito na nyembamba kwa kazi hii.

Tatu, pata tyubu moja kuukuu, gunia la nailoni, waya laini wa kufungia, misumari michache, na vifuniko vingi vya soda. Katika hivyo vyote, cha kununua ni waya na misumari tu, na bei yake haifikii ya kilo moja ya nyama. Mbali na koleo ile ambayo mafundi huiita plaisi, huhitaji chombo kingine ila nyundo na kisu.

Chimba shimo la nusu mita, simamisha mti, shindilia mawe na udongo. Nje ibaki mita moja na nusu. Kwenye kimo cha sentimita 80 kutoka ardhini, pigilia vijiti viwili vilivyopishana kama alama ya kujumlisha, kisha ifunge ringi ya kwanza juu yake kwa waya, mti ukiwa katikati. Panda juu nusu mita hivi, ufanye vivyo hivyo kwa ringi ya pili. Sasa una ringi mbili zinazotazamana, ya chini ikiwa ukingo wa kikapu, ya juu ikiwa ya kubebea njuga.

Gunia likate, ulishone kwa waya kuzunguka ringi ya chini, libonyee kama bakuli, na katikati ulifunge kwenye mti. Litoboe matundu ili maji ya mvua yasikae. Tafadhali usitumie neti ya mbu. Neti kazi yake ni kitandani.

Tyubu ikate vipande vyembamba vya urefu wa sentimita 45, kumi na viwili au zaidi, uvining'inize kutoka ringi ya juu. Kila kipande kifunge waya wenye vifuniko vitatu vinne vya soda vilivyopondwa na kutobolewa, ili vigongane. Usivikaze! Wengi hutaka kuvuta tyubu ziwe imara kama kamba za gitaa, na hapo ndipo kisahani hudunda na kurudi. Kitu kinachoning'inia huyumba kikigongwa, na katika kuyumba huko humeza kasi ya kisahani, nacho huanguka kikapuni kwa utulivu. Ndivyo minyororo ya chuma inavyofanya kazi, na ndivyo tyubu inavyofanya.

Kama huna vifuniko vya soda, tumia vipande vya makopo, lakini kila ukingo ukunjwe kwa nyundo usije ukakata kidole. Ustadi huo tumeuona kwa majirani zetu wa Dadaab. Tangu kambi zile zianzishwe mwaka 1991, wakimbizi waliyafungua madebe ya mafuta ya msaada, wakayanyoosha na kuyageuza milango na masanduku. Akili ni mali, na mali hiyo haigawiwi kwa foleni.

Kisahani nacho? Kifuniko cha ndoo ya rangi ya lita 20 kinatosha kabisa. Kioshe vizuri, kisha uzungushe utepe wa tyubu kwenye ukingo wake na kuukaza. Uzito unapokuwa pembeni badala ya katikati, kisahani huzunguka kwa muda mrefu na hakipepesuki hewani. Mtoto anapaswa kukizungusha kwa kifundo cha mkono. Nguvu za bega pekee hazitoshi. Sahani za bati tuwaachie waliotutangulia. Mtoto akipigwa nayo usoni utajuta.

Shabaha moja ikikamilika, watoto watajenga nyingine wenyewe. Sisi tumefikisha tano, na watoto huzizunguka mara mbili. Umbali wa hatua 40 hadi 80 baina ya alama ya kuanzia na shabaha wafaa. Vichaka visikuogofye, kwani kuzunguka kichaka ndio utamu wenyewe. Ila epuka barabara, na kama uko upande wa mto usisogee ukingoni, kwa kuwa Tana ina mamba. Jua letu nalo si la mzaha. Sisi hucheza asubuhi na mapema, au baada ya sala ya alasiri mpaka karibu na magharibi.

Nimeona mambo mawili ambayo hayakuwa katika hesabu yangu. La kwanza ni wasichana. Katika familia nyingi hapa, msichana akishakua kidogo huaga mpira, kwa sababu ya kukimbia mbele ya watu na kwa sababu ya mavazi. Katika mchezo huu hakuna anayekimbia wala kumkumba mwenzake. Msichana aliyevaa hijabu hutembea, husimama, hulenga. Mmoja wa hapa mtaani huwashinda kaka zake kila juma, na njuga zikilia hakuna wa kumwambia haikuingia.

La pili ni wageni. Mchezo huu hauna makundi mawili yanayopambana. Kila mtu hushindana na hesabu yake. Mtoto wa mwalimu kutoka Kitui akija, haulizwi atachezea upande gani. Hupewa kisahani tu. Katika mji ambao umejifunza kumwogopa mgeni, nao wageni wakajifunza kuuogopa, hilo kwangu si dogo.

Nawe wa jijini usiseme huna ardhi ya kuchimba. Chukua tairi la gari, simamisha mti katikati, ulijaze mawe na saruji kidogo; una shabaha ya kubebwa. Iweke kwenye uchochoro wa ploti asubuhi, iondoe jioni kabla mwenye nyumba hajanung'unika. Hata hatua 10 zatosha mtoto kujifunza kulenga. Nanyi wanafunzi wa shule za malazi, mna karakana, mna mabaki ya vyuma na Jumamosi ndefu. Mnangoja nini?

Mzazi mwenzangu, likizo ijayo usikimbilie duka la michezo. Pitia kwanza kwa fundi wa baiskeli, uliza ringi mbili zilizopinda, na umkabidhi mwanao nyundo ukiwa kando yake. Mtoto aliyetengeneza shabaha kwa mikono yake haibomoi, na akishasikia njuga zake zikilia, hatahitaji wewe wala mimi kumwambia kwamba ameweza.