Kipepeo na Mchongoma

Mwaka jana naliukata mchongoma uliokuwa ubavuni mwa nyumba yetu, kwani miiba yake iliwachoma watoto. Mke wangu alinionya, "Baba Zuwena, mti huo una wenyewe." Nikamcheka. Mahali pake nikapanda lantana, kichaka cha maua mazuri chenye asili ya bara la Amerika, ili kuwavuta vipepeo.

Wakaja kweli. Miongoni mwao alikuwamo yule wa rangi ya chungwa, mwenye madoa meusi kama chui, ambaye wataalamu humwita Phalanta phalantha. Hata akitua hatulii. Hufumbua na kufumba mbawa zake, huku akinyonya utamu wa ua kwa mrija wake. Lakini siku zilivyopita wakapungua, wala kiwavi sikumwona hata mmoja.

Ndipo niliposoma kwamba kipepeo huyu hunywa katika maua mengi, bali hatagi popote. Huchagua miti michache, mchongoma ukiwamo, kwa kuwa viwavi wake hula majani yake machanga. Lantana humkirimu mgeni. Kumlelea mwana haiwezi. Kumbe nalimwandalia karamu hali nimemvunjia nyumba!

Masika haya nimepanda mchongoma mwingine, mbali na mapito ya watoto. Haujapita magoti. Jana Zuwena aliniita nitazame: juu ya chipukizi lake jekundu palikuwa na kiwavi mdogo, naye ana miiba. Nikaenda kumwita mama yake.