Fundi wa Umeme Aonyeshe Kibali

Wako wasemao kwamba kibali cha fundi wa umeme ni karatasi ya kumla fedha mwenye nyumba. Mimi sikubaliani nao.

Sheria ya Umeme ya Uganda ya mwaka 1999 haimruhusu mtu kutandaza nyaya nyumbani pasipo kibali cha Mamlaka ya Kusimamia Umeme. Kibali kina jina la mwenyewe na daraja la kazi aliyoruhusiwa. Kazi ikiisha, fundi huzipima nyaya na kutia sahihi cheti cha ukamilifu, ndipo mwenye nyumba aombe mita kwa UEDCL, kampuni ya serikali iliyoshika kazi hiyo tangu Aprili 2025.

Kupima ndiko kwenye thamani. Nyumba isiyo na waya wa ardhini huwaka taa vizuri kabisa, wala jicho halioni kasoro. Siku pasi ya chuma itakapoharibika ndani, umeme wa volti 240 utamngoja juu yake mtoto mwenye miguu mitupu, na saketi breka haitakata.

Dada yangu anajenga Wakiso, naye mumewe yu zamu Somalia. Fundi wa bei nafuu alimwonyesha nakala ya kibali cha mtu mwingine. Akamuaga kwa heshima. Shemeji akauliza kwa simu mbona gharama imepanda. Dada akamsomea kibali cha fundi wa pili, jina, daraja na namba, kama askari atoavyo ripoti. Fedha zilifika Ijumaa.