Tumwamini wa Jana au wa Leo?

Ilikuwa Agosti 2021, baada ya mavuno. Katika kata yetu ya Mwankoko, Manispaa ya Singida, uliitishwa mkutano wa kuhimiza chanjo ya UVIKO-19. Wazee walikaa kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani, akina mama kwenye khanga walizotandika chini ya mti, nasi vijana tulisimama nyuma. Mhudumu wa afya, dada mmoja mwenye sauti ya upole, alieleza vizuri: chanjo ni hiari, ni dozi moja, wazee na wenye kisukari na shinikizo la damu watangulie. Alipomaliza akauliza kama kuna swali.

Mama mmoja alisimama. Wote tulimfahamu, maana miezi sita kabla ya hapo tulichimba kaburi la mumewe. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, mwaka jana serikali ilituambia ugonjwa umekwisha. Mwaka huu serikali inatuambia ugonjwa upo, tuchanjwe. Serikali ni ile ile. Sasa tumwamini yupi, wa jana au wa leo?"

Yule dada alitazama karatasi zake. Mwenyekiti akasema muda umekwisha. Siku ile waliojiandikisha walikuwa wachache mno, na mama yule hakuwa miongoni mwao.

Miaka mitatu sasa tunalibeba swali hilo. Tumeingia nalo seminarini, tumekaa nalo kwenye vipindi vya falsafa, na bado halijatuacha. Leo tunajaribu kulijibu, au angalau kueleza kwa nini ni gumu.

Tukumbuke kwanza yaliyotokea. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kule Arusha. Kesho yake ikatolewa amri ya kufunga shule, nasi wa kidato cha sita tukarudi nyumbani na madaftari yetu. Mwanzoni takwimu zilitolewa, na watu walizifuatilia redioni kama matokeo ya mpira. Za mwisho kutajwa zilikuwa za wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo takwimu za kitaifa zikanyamaza kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwanzoni mwa Mei Hayati Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu ya kuwa na virusi. Mwezi Juni ikatangazwa kuwa kwa sala na kufunga Mungu ameiondoa korona Tanzania.

Tuseme ukweli: tulipiga makofi. Tulikuwa tumechoka kuogopa. Na haki itendeke, uamuzi wa kutowafungia watu ndani ulikuwa na hoja yake. Anayeuza nyanya Singida mjini ili usiku anunue unga hawezi kuambiwa akae nyumbani mwezi mzima. Tulisikia ya majirani. Kenya, polisi waliokuwa wakisimamia amri ya kutotoka nje walilaumiwa kwa vipigo na hata vifo. Uganda, watoto wengi walikaa bila shule kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022. Kwa hiyo hatuandiki haya kudai kwamba kila kilichofanyika kwetu kilikuwa kibaya. Soko lilibaki wazi, na watu wengi wanashukuru hadi leo.

Lakini kuacha soko wazi ni jambo moja, na kufunga hesabu ya wagonjwa ni jambo jingine. Mtu anaweza kuamua kutofunga nchi na bado akawaambia watu wake wangapi wanaugua.

Mwishoni mwa mwaka ule ugonjwa ulirudi. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa waraka wa kutahadharisha juu ya wimbi jipya, likikumbusha kwamba nchi yetu si kisiwa. Mwanzoni mwa Machi Katibu Mkuu wa Baraza, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba ndani ya miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki wakiwa na matatizo ya kupumua. Hata hapo lugha ilikuwa ya kuzunguka. Msomaji anakumbuka maneno ya wakati ule: nimonia, homa ya mapafu, changamoto ya upumuaji. Kila mtu alijua yanamaanisha nini, na hakuna aliyelitaja jina.

Katika majira hayo, Februari 2021, ndipo alipofariki mume wa yule mama. Alikuwa katekista wetu. Ndiye aliyetufundisha sala ya Baba Yetu, ndiye aliyetuandikisha Komunyo ya Kwanza. Tulikwenda vijana watatu kuuchukua mwili hospitalini. Cheti kiliandikwa nimonia. Tulipokuwa tunapakia jeneza kwenye gari, mtumishi mmoja wa pale alitusogelea na kusema kwa sauti ya chini, "Wadogo zangu, huko msibani msibanane sana." Kisha akaondoka haraka. Tulimwelewa. Yeye naye alikuwa na kazi na watoto, na hakuwa na ruhusa ya kusema zaidi ya hapo.

Tulifika nyumbani tukakuta watu wamejaa. Wanyaturu hatuzikani kwa haraka, na msiba wa katekista ni msiba wa parokia nzima. Watu walilala pale siku tatu. Tulikula kwenye sinia moja, tukaimba usiku kucha tumebanana kwenye turubai, bibi kizee akikohoa anapewa maji kwa kikombe kilichozunguka. Asubuhi tulipika nyungu, tukajifunika blanketi kwa zamu, tukaona tumejikinga. Sisi watatu tuliyasikia maneno ya yule mtumishi. Hatukumwambia mtu hata mmoja.

Ndani ya wiki tatu walizikwa wengine wawili waliokuwa wamelala kwenye msiba ule, mmoja wao dada wa marehemu. Walikufa kwa nini? Hakuna aliyepima. Hatuwezi kusema kwamba tungewaambia watu wangepona. Hatuwezi pia kusema kwamba wasingepona. Kutokujua huko ndiko kunakoumiza, na nadhani ndiko kulikomsimamisha yule mama mkutanoni. Hakuikasirikia chanjo. Alikasirishwa na kwamba walikuwapo watu waliojua, yeye akaachwa gizani na maiti ya mumewe.

Muhula uliopita, katika somo la falsafa ya siasa, tulijadili kama raia ana haki ya kuambiwa ukweli na watawala wake. Mwenzetu alileta mfano wa Uingereza, nasi tukadhani ni mambo ya mbali. Kumbe yanafanana. Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura ya kutoka katika Umoja wa Ulaya, asilimia 52 kwa 48. Wakati wa kampeni lilizungushwa basi jekundu lenye maandishi kwamba nchi inapeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki, afadhali zipewe huduma za afya. Mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo hiyo ilisema tarakimu ile inapotosha, lakini basi likaendelea kuzunguka. Walitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na siku ile ile wagonjwa wao wa kwanza wa korona walithibitishwa.

Kisha wakafungiwa ndani kwa sheria kali. Watu walizika wazazi wao bila ndugu. Malkia Elizabeth mwenyewe, tarehe 17 Aprili 2021, alikaa peke yake kanisani akimzika mumewe. Baadaye ikajulikana kwamba usiku wa kuamkia mazishi hayo, katika ofisi ya Waziri Mkuu, wafanyakazi walifanya tafrija. Waziri Mkuu Boris Johnson alipigwa faini kwa mkusanyiko mwingine wa mwaka 2020, na Julai 2022 akatangaza kujiuzulu. Serikali ile ilifunga, ya kwetu haikufunga. Ile ilihesabu kila siku, ya kwetu iliacha kuhesabu. Lakini hasira ya watu ilitoka mahali pamoja. Mwananchi anaweza kusamehe kosa katika jambo ambalo dunia nzima ilikuwa inalipapasa. Kinachomshinda ni kugundua kwamba alifanywa mtoto.

Plato, katika Jamhuri, anasema uongo ni kama dawa: usiachwe mikononi mwa kila mtu, ila watawala, kama matabibu, wanaweza kuutumia kwa faida ya mji. Tulipoisoma sehemu hiyo darasani wengine walikubaliana naye. Walisema watu wakiambiwa kila kitu watapatwa na taharuki, na taharuki nayo huua. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Mwaka 2020 tuliona hofu ilivyowafanya watu wamkimbie mgonjwa aliyekohoa tu kwa vumbi la alizeti.

Lakini Mtakatifu Augustino alikataa kabisa kwamba upo uongo unaoruhusiwa, hata ule wa nia njema. Naye Mtakatifu Thomas wa Akwino anatoa sababu ambayo mtu yeyote wa Mwankoko ataielewa: watu hawawezi kuishi pamoja wasipoaminiana kwamba wanaambiana kweli. Kwake yeye kusema ukweli ni namna ya deni ambalo kila mtu anamdai mwenzake. Papa Yohane wa XXIII, katika waraka wake wa mwaka 1963 juu ya amani duniani, aliutaja ukweli pamoja na haki, upendo na uhuru kuwa msingi ambao amani husimama juu yake.

Hapo ndipo tulipoona kosa la mfano wa Plato. Dawa ikishaisha mwilini, mgonjwa anabaki kama alivyokuwa au amepona. Uongo hauishi hivyo. Unabaki, na siku ukweli unapokuja unakuta mlango umefungwa. Serikali ya awamu ya sita iliunda kamati ya wataalamu, ikapokea ushauri wao, ikaagiza chanjo. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani. Yalikuwa mambo mema. Lakini yule dada wa afya alipofika kwetu na neno la kweli, alilipia deni ambalo hakulikopa yeye. Haikuwa hadi baadaye, wahudumu walipoanza kwenda nyumba kwa nyumba na kuwashirikisha viongozi wa dini, ndipo waliochanjwa nchini walipoongezeka sana. Imani iliyovunjwa kwa tangazo moja ilibidi ijengwe kwa kukaa kwenye vigoda na kujibu maswali.

Hata hivyo, mpendwa msomaji, tungeishia hapo tungekuwa tumeandika uongo mwingine. Ni rahisi kunyoosha kidole kwa serikali. Sisi watatu tuliosimama nyuma ya gari la jeneza hatukuwa serikali. Hakuna aliyetukataza kusema. Tuliogopa kuonekana tunaleta hofu msibani, tuliogopa kuambiwa hatuna imani, tukanyamaza. Mama alipouliza amwamini wa jana au wa leo, na sisi tulikuwa wa jana.

Likizo iliyopita tulikwenda kwake. Alikuwa uani anapepeta alizeti, tukachukua ungo tukasaidia. Baadaye tukamweleza tulichoambiwa siku ile hospitalini, neno kwa neno. Alinyamaza muda mrefu, mikono ikiendelea na kazi. Kisha akasema, "Nilijua mna kitu. Siku ya maziko mlikuwa mnanikwepa macho." Tukamwomba msamaha. Akasema, "Nimewasikia." Hakusema ametusamehe, nasi hatukumlazimisha. Alituwekea uji, tukanywa, tukaondoka.

Tunajiandaa, Mungu akipenda, kwa kazi ambayo watu watatuletea hofu zao na kutuuliza maswali magumu: mgonjwa atapona? fedha za parokia zimekwenda wapi? kwa nini padre wetu amehamishwa? Kila mara tutajaribiwa kutoa jibu la kutuliza badala ya jibu la kweli. Tusiseme watu hawa ni wa kawaida, hawawezi kuubeba ukweli. Yule mama alimzika mumewe, akalima, akalea wajukuu wanne, akasimama mkutanoni na kuuliza swali ambalo hakuna msomi kati yetu aliyethubutu kuliuliza. Angeuweza ukweli tangu Februari ile.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali lake, mpaka sasa, ni hili: Mama, huna deni la kumwamini yeyote kati yao. Sisi ndio tunaodaiwa, na tumeanza kulipa kwa kuchelewa.