Nakala Tatu za Kila Cheti

Mwaka 2013 nilikuwa mwaka wa pili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nasoma sosholojia, na mkopo sikupata. Masomo ya sanaa hayakuwa kwenye vipaumbele. Waliotangulizwa ni wa ualimu, tiba na sayansi. Ada alilipa mjomba. Tumbo lilikuwa juu yangu mwenyewe.

Wenzangu wa chumbani, hosteli za Mabibo, walikuwa na bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, shilingi 7,500 kwa siku, na nisiwasingizie, walinigawia. Ila mtu akishakugawia wali maharage mara tatu, mara ya nne unajikuta umelala usingizi wa uongo muda wa kula ukifika. Aibu yangu ni kwamba bumu likichelewa nilipata nafuu moyoni, maana siku hizo chumba kizima tulikunywa uji.

Basi nikaanza kutafuta kazi, yoyote ile ambayo ingeingia katikati ya vipindi.

Kutafuta kazi kulikuwa na gharama zake. Bahasha ya kaki. Nakala tatu za cheti cha kidato cha nne, tatu za cha sita, tatu za cha kuzaliwa, kila moja shilingi 100. Muhuri wa wakili. Barua ya serikali ya mtaa, na mtendaji hayupo, njoo kesho. Picha mbili za pasipoti. Nauli 400 hadi Posta, 400 kurudi. Nikipiga hesabu, bahasha moja ilikuwa imemeza chakula cha siku mbili.

Na ndani ya bahasha nimejisifu kweli kweli. Niliandika kwamba mimi ni mchapakazi ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Kazi pekee niliyokuwa nimewahi kufanya ni kupura alizeti za baba huko Singida, na pale nilisimamiwa sana. Wadhamini niliweka watatu: mjomba, mchungaji wa nyumbani, na mhadhiri mmoja ambaye darasani kwake tulikuwa wengi kiasi kwamba angenikuta kwenye daladala asingenijua.

Matangazo yenyewe nilisoma kwenye magazeti ya kuazima. Hata nafasi ya kupokea simu mapokezi walitaka uzoefu usiopungua miaka miwili.

Siku moja nilikwenda kwenye ofisi fulani mjini, nimevaa shati la rafiki yangu lililonibana kwapani. Getini mlinzi, mzee wa makamo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Weka hapo."

Hakuuliza nimefuata nini. Alishaiona bahasha. Akanionyesha kwa kidevu meza ndogo yenye rundo la bahasha kama yangu, nikaiweka juu, nikashukuru, nikaondoka. Baada ya wiki mbili nikarudi kuulizia. Nilikuta chupa ya chai imekaa juu ya bahasha yangu, na mwandiko wangu umezungukwa na duara la unyevu. Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Alinimiminia kikombe, nikakinywa pale pale, na sikuthubutu kuuliza kitu.

Jioni nikampigia mjomba.

"Pale ulikopeleka unamjua nani?"

"Simjui mtu, mjomba."

"Sasa ulienda kufanya nini?"

Nilikasirika. Nilidhani ananifundisha upendeleo, na sosholojia ilikuwa imenijaza maneno makubwa ya kumjibu, ingawa sikumjibu. Siku hizi naona nusu yake alikuwa sahihi. Upendeleo ulikuwepo na upo. Lakini mgeni wa mji hana hata mtu mmoja wa kusema, "Huyu namfahamu, si mwizi," na cheti hakisemi hivyo.

Nikajaribu kuuza bima kwa kamisheni. Nikatembea Sinza yote na Mwenge, sikuuza hata moja. Nikafundisha tuisheni mtoto wa darasa la sita. Mtoto alikuwa na akili, ila mzazi alikuwa na "mwezi ujao, mwalimu."

Kazi nilikuja kuipata pale nilipokuwa namalizia pesa zangu. Nyuma ya hosteli kulikuwa na steshenari ya mama mmoja, ndipo nilipotolea kopi zangu zote. Jioni moja mchapaji wake hakuja, na mteja alikuwa analalamika barua yake ina anwani mbili za mwombaji na haina ya mwajiri. Nikachungulia, nikasema panapotakiwa kurekebishwa. Mama akanitazama.

"Mwanangu, kuchapa unajua?"

"Najua, mama."

Sikujua. Nilichapa kwa vidole viwili, barua moja nusu saa, na mteja akanisubiri. Kesho yake nikaambiwa nije baada ya vipindi: shilingi 3,000 na chakula cha jioni. Bahasha nilikuwa nayo mkononi siku ile, vyeti vyote vimo. Hakuifungua. Alikuwa ameniona nikipanga foleni dukani kwake miezi minne.

Kazi yangu ikawa kuwaandikia watu barua za kuomba kazi. Kijana mmoja wa rika langu alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaniambia niandike kama nilivyomwandikia aliyetangulia. Nikamuuliza uzoefu. Akasema hana. Nilipombana zaidi ikaja kujulikana kwamba ameuza vitambaa Kariakoo miaka mitatu na duka alikuwa akiachiwa yeye na funguo. Nikayaandika yote hayo. Kama aliitwa, sikusikia.

Juni 2014 Uhamiaji waliita watu kwenye usaili, na kwa wingi wao ikabidi ufanyike Uwanja wa Taifa: zaidi ya watu 10,000 kwa nafasi 70. Wiki ya kabla yake tulitoa kopi za vyeti mpaka mashine ikawa tunaizima ipoe. Picha ilipotoka gazetini, majukwaa yamejaa watu wameinamia karatasi mapajani, mama aliitandika kwenye kaunta akaitazama muda mrefu.

"Wetu wamekaa upande gani?"

Nikamwambia hawaonekani, picha imepigwa mbali. Akalikunja gazeti, akaniuliza karatasi zimebaki rimu ngapi.